Tabibu Aliyehamishwa: Dk. Vedasto Kyaruzi na Harakati za Uhuru



Usharika unapotimiza miaka 100, ni vema kuwakumbuka pia walioitumikia nchi nje ya kuta za kanisa. Mmoja wao ni Dk. Vedasto Kyaruzi, tabibu kutoka Bukoba aliyesomea Makerere.

Mwaka 1950 Dk. Kyaruzi alichaguliwa kuwa Rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, mjini Dar es Salaam, naye Abdulwahid Sykes akawa Katibu. Uongozi huo ulikiamsha chama. Kamati yake ya siasa, ambamo walikuwemo Sheikh Hassan bin Amir, Hamza Mwapachu, Stephen Mhando na John Rupia, iliandaa mapendekezo juu ya katiba ya Tanganyika na kuyawasilisha kwa serikali ya Gavana Edward Twining. Mkristo na Mwislamu waliketi meza moja kwa ajili ya nchi moja.

Ikumbukwe kwamba daktari huyo alikuwa mwajiriwa wa serikali ileile aliyoihoji. Serikali haikuwa na haja ya kumfunga, kumhamisha kulitosha. Alipelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, kisha Nzega. Akiwa mbali na makao makuu hakuweza tena kukiongoza chama, nacho kikapungukiwa nguvu. Mwaka 1953 watumishi wa serikali wakakatazwa kujiunga na vyama vya siasa.

Hata hivyo mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere alichaguliwa kuiongoza TAA. Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Tabibu aliyehamishwa akaja kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa.

Wapendwa, waliosimama jukwaani siku ya ushindi hukumbukwa upesi. Waliolipa gharama mapema husahaulika. Kanisa nalo lina shule, zahanati na hospitali, na watumishi wanaoweza kuhamishwa. Mtumishi anapopelekwa mbali kwa sababu amesema kweli, ni nani atakayesimama naye? Swali hilo na liingie pamoja na Usharika huu katika karne yake ya pili.