Usitie Chokaa Kabla ya Kupima Udongo



Wako wakulima wanaodhani kwamba chokaa na majivu hurutubisha kila shamba. Sivyo. Chokaa ni dawa ya udongo mchachu, kama ule wa sehemu za mvua nyingi magharibi ya Kenya. Hapa Garissa mvua ni haba na jua ni kali: maji hukauka, chumvi hubaki. Penye magadi mengi ardhi huwa ngumu, na maji husimama juu bila kuzama. Ukitia chokaa au majivu hapo, wazidisha ubaya.

Dawa ya magadi ni jasi, jiwe lipatikanalo hata kule El Wak, katika Mandera. Jasi iliyosagwa huyabandua magadi katika udongo, lakini sharti yaoshwe kwa maji mengi na uwepo mtaro wa kuyatoa. Ama sivyo kazi ni bure. Kisha tieni samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

Basi, kabla ya kununua hata gunia moja, mwombeni Bwana Shamba udongo wenu upimwe. Dawa isiyojua ugonjwa hugeuka sumu.