Bonasi ya Chai Huko Kericho na Bomet
Neno la Kiingereza lililoingia katika Kiswahili kama bonasi lina asili ya Kilatini, ambako lilimaanisha chema, na kwa kawaida hutaja kitu kinachoongezwa juu ya haki ya mtu, kama vile fedha anazopewa mwajiriwa zaidi ya mshahara wake, au dakika za simu anazozawadiwa aliyenunua vocha. Katika vilima vya Kericho na Bomet, nchini Kenya, neno hilo limechukua maana inayokaribia kupingana na hizo, na jamaa aliye Minneapolis au Doha, akipigiwa simu mwezi Oktoba na kuambiwa kwamba bonasi imetoka, hukosea akidhani kwamba nyumbani kumeingia fedha za ziada.

Mkulima mdogo, yaani mwenye shamba lake anayepeleka majani mabichi kwenye viwanda kama Litein, Momul au Kapkoros, vinavyosimamiwa na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo lililoanzishwa mwaka 1964, halipwi thamani yote ya majani yake yanapopimwa kituoni. Kila mwezi hupokea malipo ya awali kwa kila kilo, huku chai iliyokwisha kusindikwa ikiuzwa, sehemu kubwa katika mnada wa Mombasa, ambako bei hutajwa kwa dola. Na mwaka wa fedha unapofungwa tarehe 30 Juni, kiwanda huondoa gharama za kuni, umeme, mishahara na usimamizi, kisha hugawa kinachosalia kwa kufuata kilo za kila mmoja. Masalio hayo ndiyo bonasi, ingawa jina linaloyastahili ni malipo ya mwisho, kwa kuwa mkulima anayadai tangu majani yalipotoka kikapuni, na mara nyingi karo na deni la dukani huwa tayari vinayasubiri.

Katika mashamba makubwa ya makampuni, ambako mchumaji ni mwajiriwa, bonasi hurudia maana yake ya kamusi.

Kwa miaka kadhaa viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, vikiwemo vya Kericho na Bomet, vimelipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki, kama vile vya Murang'a na Kirinyaga, kwani chai ya mashariki hupata bei bora mnadani. Mkulima wa Bomet anayelalamikia tofauti hiyo, basi, haombi kuongezewa zawadi. Anataka kuonyeshwa hesabu ya mauzo na makato.