Kabla ya Kuinua Mkono Mnadani: Lori la Jeshi na Kikundi Kinachonunua Gari la Kwanza

(Maelezo ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na viongozi wa vikundi vya kuzoa taka na kusambaza maji kutoka Kibera na Kawangware.)



Nimeitwa kujibu swali ambalo mmekuwa mkinitumia kwa simu, tena kwa picha: kikundi kimeweka akiba miaka kadhaa, sasa kinataka lori lake la kwanza, na kimeona lori kuukuu la jeshi likiuzwa. Je, tununue? Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni habari, na kusoma matangazo ya serikali ni sehemu ya kazi hiyo. Mambo ya injini nimeyapata kwa kusimama kando ya mafundi na kuwauliza hadi wakachoka.

Kinachowavutia nakielewa. Bei ya kuanzia mnadani ni ya chini. Chasi ni nene, magurudumu yote yanavuta, na gari lenyewe linaonekana halijui kuchoka. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 bado tunayakumbuka. Kila mtu aliona kwamba gari refu lilipita mahali gari dogo lilizimika. Isitoshe, watu wa Kibera na jeshi wanafahamiana tangu zamani. Eneo hili lilikuwa makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na jina lenyewe, Kibra, ni neno lao la msitu. Lakini msitu haupo tena, na njia zilizobaki hazikupimwa kwa lori.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha mnunuzi ni futi ya kupimia. Lori la mizigo la jeshi lina upana wa karibu mita 2.5, na likifunikwa turubai hupita mita 3 kwenda juu. Pimeni njia mnayofanyia kazi Lindi, Gatina au Laini Saba, tena pale penye kona, kwa sababu gari linalovuta mbele na nyuma mara nyingi halikati kona kwa wepesi. Kisha inueni macho mtazame nyaya za stima. Wenye nyumba watawadai waya uliokatwa, na huo ndio msiba mdogo kati ya miwili. Waya huo unaweza kumuua kijana aliyepanda juu ya mzigo.

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilichonunua lori kubwa kuukuu kwa pesa zote za wanachama. Siku ya kwanza lilifika sokoni, likashindwa kuingia mtaani, likarudi. Likaegeshwa kwa malipo ya kila usiku. Baada ya miezi kadhaa betri zilikuwa zimekufa, wanachama hawasalimiani, na gari likauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Niliwauliza kama walilipima. Mweka hazina akaniambia walipima injini.

Sasa mwingine atasema: afisa, sisi hatuingizi gari ndani. Mikokoteni inaleta taka hadi Kibera Drive au Naivasha Road, lori linapakia hapo. Huyo ana hoja, na kwake upana si kizuizi. Lakini aangalie urefu wa bodi kutoka chini. Sakafu ya lori la jeshi iko juu, mara nyingi usawa wa kifua au zaidi, maana chini yake pamewekwa gurudumu kubwa na ekseli ya mbele inayovuta. Kila gunia la taka litainuliwa kwa mikono hadi huko. Tena mengi si ya tipa. Mkifika Dandora mtateremsha kwa sepetu, na kumwekea jeki ya kumwaga ni gharama ya pili ambayo haimo katika bei ya mnada.

Dandora ndiyo inayoleta hesabu ya mafuta. Kutoka kwenu kwenda huko ni kuvuka jiji lote, magharibi hadi mashariki. Tuchukulie safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 40. Lori linalokwenda kilomita 3 kwa lita litakula lita 13 na ushee. Canter inayokwenda kilomita 6 kwa lita itakula nusu ya hizo. Mkienda mara 25 kwa mwezi, tofauti inapita lita 160 za dizeli. Hizo namba ni mfano tu, lakini fanyeni hesabu hiyo kwa gari lenu kabla ya mnada. Ile bei ya chini mnailipa mara moja. Dizeli mtailipa kila asubuhi.

Spea nazo. Ukiwa na Isuzu au Canter, ukikwama saa nne asubuhi, kijana anapanda matatu hadi Kirinyaga Road na saa nane gari linatembea. Chukua Bedford, lori ambalo jeshi la Uingereza na mengine mengi yalilitumia. General Motors iliuza biashara hiyo ya malori mwaka 1987, na kampuni iliyoichukua, AWD, ikaanguka mwaka 1992. Mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaweza kuchonga vitu vingi, nawavulia kofia, lakini siku tatu za kuchonga ni siku tatu ambazo wateja wenu wanakaa na taka mlangoni. Ulizeni bei ya vitu vitano kabla ya kununua: tairi moja, silinda ya breki, klachi, pampu ya maji, na betri. Magari mengi ya jeshi hutumia umeme wa volti 24, kwa hiyo hizo betri ni mbili.

Mkishaamua kwenda kulitazama, msidanganywe na kilomita chache. Gari la jeshi huweza kuwa limesimama ghalani miaka mingi, na kusimama kunaua gari kimyakimya. Sili za mpira zinakauka, tangi linashika kutu ndani, breki zinaganda. Tairi huenda likawa na meno yote na bado ni bovu. Tafuta namba nne ubavuni mwake: 2314 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Gusa injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, kuna mtu aliyekutangulia kuiamsha, na ungependa kujua kwa nini. Fungua rejeta ikiwa baridi, tazama kama maji yana mafuta. Linganisha namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Na mchukueni fundi wenu, mumlipe siku yake. Fundi anayesubiri kulipwa na muuzaji si wenu.

Nije kwenye eneo langu, karatasi. Mali ya umma, pamoja na ya jeshi, huuzwa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kwa zabuni ya wazi au kwa mnada wa hadhara, miongoni mwa njia nyingine. Tangazo la kweli lina jina la taasisi, namba ya zabuni, mahali na siku za kukagua. Tafuteni katika gazeti la MyGov au kwenye tovuti ya zabuni za serikali. Tangazo la WhatsApp linalosema "kanali ana malori sita, tuma amana kwa namba hii" ni wizi, hata kama picha ni nzuri. Amana hulipwa kwa taasisi au kwa dalali aliyetajwa, kwa njia iliyoandikwa, na mnapewa risiti.

Soma masharti yote. Kwa kawaida mali huuzwa kama ilivyo na mahali ilipo: ukishashinda, ubovu ni wako na kulivuta ni juu yako. Kuna siku za kumaliza malipo na siku za kuliondoa. Ukichelewa, unaweza kupoteza amana au kutozwa ada ya kuhifadhi. Ulizeni mapema, kwa maandishi, nani analipa ushuru wa forodha kama gari liliingia nchini bila ushuru, na karatasi gani mtapewa za kupeleka NTSA. Gari la jeshi lilikuwa na namba za jeshi. Bila usajili wa kiraia hamna logibuku, bila logibuku hamna bima, na bila bima ni mapambo ya uwanjani. Rangi ya kijeshi nayo iondolewe.

Baada ya hapo kuna ukaguzi wa kila mwaka, kidhibiti mwendo, kodi ya mapema ya KRA inayopimwa kwa tani, dereva mwenye leseni ya lori, na kwa wazoaji taka, leseni ya NEMA. Haya yangewapata hata kwa lori jingine; nayataja kwa sababu vikundi humaliza pesa zote mnadani. Na kama pesa hizo ni mkopo wa Uwezo au wa hazina ya vijana, marejesho hayangoji gari litoke kwa fundi.

Wale mnaofikiria kuagiza moja kutoka Uingereza au Ujerumani, poleni: Kenya hairuhusu gari lililotumika zaidi ya miaka 8 kuingia, na usukani wa kushoto nao una kizuizi chake.

Ningekuwa mwanachama wa kikundi kinachobeba maji au mchanga kwenye barabara mbovu za nje ya jiji, ningelitazama lori la jeshi kwa makini, na huenda ningenunua. Kwa kuzoa taka Kawangware, ningepigia kura Canter iliyotumika.

Sasa nipokee maswali. Nitaanza na yule mama wa Kabiro aliyeuliza kama logibuku iandikwe jina la mwenyekiti au la kikundi. La kikundi, mama, na kikundi kiwe kimesajiliwa kabla ya siku ya mnada.