Fedha za Maktaba na Fedha za Njia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Likoni)



 Shauri la leo si la mishahara, lakini lagusa mfuko wa kila mmoja wetu. Ni fedha ambazo Kaunti ya Mombasa huzitenga kwa vyombo vya maktaba, na zile za kupangia usafiri.

Wengine watauliza, maktaba na usafiri vina udugu gani? Kwa mtu akaaye kisiwani huenda havina. Kwetu vina. Maktaba ya taifa, tawi la Mombasa, iko kisiwani. Mtoto wa Mtongwe au Shika Adabu akitaka kusoma huko baada ya skuli, apande matatu, ashuke, aingie foleni ya feri pamoja na sisi, avuke, kisha aanze safari nyingine. Kwa mwenda kwa miguu feri ni bure; matatu si bure, na saa iliyopotea hairudi. Akifika, ameketi kitambo tu, roho yake imekwisha kuwa njiani. Basi rafu zikijazwa huko bila ya njia kutengenezwa huku, sisi twalipia karamu tusiyoila.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeandika maktaba kuwa kazi ya kaunti, na mistari michache chini yake imeandika barabara za kaunti, usafiri wa umma na feri. Lakini feri ya Likoni imekuwa mikononi mwa mashirika ya serikali ya taifa, kwa miaka mingi Kenya Ferry Services, iliyoundwa 1989. Kwa hiyo mtu akiuliza habari za feri barazani ni rahisi kumwambia, "Hilo si letu." Haya, feri tuiache kando kwa leo. Je, taa za vichochoroni? Kituo cha matatu? Njia ya miguu ya mtu anayetoka Bofu alfajiri? Hayo ni ya nani kama si ya kaunti?

Fungu la mipango wengi hulicheka, wasema ni fedha za makaratasi na chai. Sisi hatulicheki. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, wakafa 272. Kuhesabu watu, wangapi huvuka, saa ngapi, watokea wapi, ndiyo kazi ya mipango. Tunalodai ni kwamba wahesabiwe wanaokwenda kwa miguu, si magari peke yake. Tazameni barabara ya Dongo Kundu: ni nzuri, lori laenda Kwale bila ya kupita kisiwani. Lakini kuli anayekwenda Kilindini kwa miguu yake, barabara ile haikumpunguzia foleni.

Sasa vyombo vya maktaba. Hapa twasema wazi kwamba hatudai jumba. Jumba ni kitu cha kukatiwa utepe, na baada ya utepe hukosekana viti. Twataka chumba katika kila moja ya wadi zetu tano, chenye meza, taa nzuri, kompyuta chache zinazofanya kazi, na vitabu vinavyobadilishwa. Jambo hili si geni. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa 1948, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu mpaka mahali pasipokuwa na maktaba. Kama sanduku liliweza kufika bara kwa gari la moshi, laweza kuvuka kivuko hiki. Na chumba kifunguliwe mpaka saa tatu usiku, maana mwanachama anayejisomea mtihani wa ufundi hawezi kufika saa kumi jioni.

Fedha hizi zina majira yake. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, karatasi ya mwelekeo wa matumizi hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Angalau asilimia 30 ya bajeti yapasa iende kwa maendeleo. Katiba nayo yataka wananchi washirikishwe. Anayekuja kulalamika mwezi wa Agosti amekuta sahani zimeoshwa.

Kwa hiyo kamati imeamua tupeleke hati moja, si mbili: vyumba vya kusomea na njia za miguu pamoja, ili asije mtu akatupa kimoja na kutunyima kingine. Itasomwa kwenye mkutano wa wananchi na wajumbe watano, mmoja kwa kila wadi. Timbwani bado haijatoa mjumbe. Walio wa huko wabaki nyuma tukimaliza, wachague kabla hawajaondoka.