Mgombea aulizwe daftari, si lami

Ndugu msikilizaji, leo tuzungumze juu ya kazi ya diwani, maana ni kazi ambayo wengi wetu tunaipigia kura bila kuiuliza maswali.

Sisi wa Kimwani, na Muleba kwa jumla, hatuwapigii kura madiwani wa Manispaa ya Bukoba. Tuna halmashauri yetu. Hata hivyo, mkulima wa Nshamba anayepeleka ndizi soko kuu la Bukoba anatozwa ushuru uliopitishwa na madiwani wale, na mgonjwa wetu anayepelekwa hospitali ya mkoa anapita katika mitaa ile ile wanayopita wao. Mji ukiharibika, hasara inatufikia na sisi.

Katika kampeni za mwaka 2015 nilimtembelea mgombea mmoja wa udiwani, mwalimu mstaafu, katika mojawapo ya kata 14 za Manispaa hiyo. Simtaji jina wala chama, kwani ninachotaka kukumbusha ni maneno yake. Nilimkuta amekaa barazani kwake, daftari la shule likiwa mapajani. Baada ya kumwamkia nikamwuliza, "Mwalimu, ukichaguliwa utatujengea nini?"

Akacheka. "Mwanangu," akasema, "diwani hajengi kitu. Hana mfuko wa fedha. Hao wanaoahidi lami waulize wataitoa wapi."

Kisha akanisomea mambo matatu aliyoyaandika. La kwanza lilikuwa soko kuu. Hakupinga kujengwa soko jipya, kwa kuwa lile la zamani lilikuwa limechakaa na kila mtu alijua. Hoja yake ilikuwa kwamba kabla ya ukuta kubomolewa, kila mwenye kibanda na kila mama mwenye meza ya dagaa aandikwe jina, aelezwe atauzia wapi wakati wa ujenzi, na ajue atarudi kwa kodi ya kiasi gani. La pili lilikuwa mto Kanoni, ambao unapita katikati ya mji kuelekea Ziwa Victoria. Alisema maji yanayoshuka milimani yanatafuta njia, nasi tumeiziba kwa takataka na nyumba. La tatu lilikuwa viwanja. Alitaka shamba la mtu lisipimwe viwanja kabla mwenyewe hajajua fidia yake ni kiasi gani na ataipata lini.

Ndugu msikilizaji, mzee huyo alikuwa na sababu ya kushika daftari. Bukoba ilikuwa imetoka katika mgogoro mkubwa. Meya wa wakati huo, Dk. Anatory Amani, na mbunge wa mji, Balozi Khamis Kagasheki, wote wa CCM, walikuwa hawaelewani juu ya miradi ya Manispaa, likiwamo soko na upimaji wa viwanja. Madiwani wakagawanyika. Agosti 2013 CCM mkoa iliwafukuza uanachama madiwani 8 waliokuwa wakimpinga meya, na Kamati Kuu ya chama ikawarudisha. Januari 2014 ikasomwa ripoti ya ukaguzi maalumu ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikatangazwa kwamba meya anaachia ngazi. Vikao vya baraza vilikwama kwa muda mrefu. Mwananchi aliyekuwa akisubiri soko aliambulia kusikiliza malumbano. Oktoba 2015 wapiga kura walitoa hukumu yao: jimbo likaenda kwa Wilfred Lwakatare wa CHADEMA.

Lakini kubadili chama hakutoshi, na hilo ndilo alilokuwa akilisema mwalimu. Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa. Hali ya miji ilipozidi kuzorota, halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na kwa sheria za mwaka 1982 mfumo mzima ukaanza upya mwaka 1984. Kwa mfumo huo, baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti, ushuru na sheria ndogo. Mkurugenzi, anayetekeleza, anateuliwa na Rais. Hivyo nguvu ya diwani iko kikaoni: kusoma makabrasha, kuuliza, kupiga kura, na kurudi kwa wananchi kuwaeleza. Diwani asiyesoma makabrasha anageuka mgongaji wa meza.

Haikupita hata mwaka mmoja tangu uchaguzi ule, jambo likatokea. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilitupiga hapa Kagera. Watu 17 walipoteza maisha na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Michango ilitoka kila upande. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Siku ile nilimkumbuka mwalimu na daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Muleba na wa Bukoba, atakapokuja mgombea wa udiwani mlangoni kwako, mkaribishe kwa heshima, kisha umwulize. Ushuru uliokusanywa mnadani au sokoni kwetu mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na ulitumika wapi? Sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Katika kata yetu ni vikundi vipi vilivyopata, na vimerejesha? Utaitisha mkutano lini kutueleza yaliyopitishwa? Akijibu, "Nitafuatilia," mwambie aandike, na wewe uandike.

Yule mwalimu hakushinda. Aliyemshinda alikuwa na magari ya matangazo, yeye alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu. Nilipomwuliza baadaye kama amevunjika moyo, alinijibu kwamba kuuliza hakuhitaji kuchaguliwa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, atakwenda na daftari lake na kukaa mstari wa mbele.

Nasi twende. Na kila mmoja aende na daftari lake.