Matamvua ya Kaa Yana Kazi

Msikilizaji, protini anayokula kaa ikishavunjwa mwilini huacha amonia, sumu isiyofaa kukaa kwenye damu. Sehemu kubwa yake hutoka nje kupitia matamvua yaleyale anayopumulia. Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mepesi: damu ina amonia nyingi, bahari ina kidogo, basi huvuja yenyewe. Mimi nasema maelezo hayo hayatoshi, na mfugaji wa kaa akiyategemea ataumia.

Ushahidi mzuri unatoka kwa kaa wa pwani za Ulaya, Carcinus maenas. Tamvua lake likitolewa na kupitishiwa ndani maji ya chumvi badala ya damu, huendelea kufanya kazi kwenye meza ya maabara. Ukiweka amonia kwa kiwango kilekile ndani na nje, bado inatoka. Ukiizidisha kiasi upande wa nje, bado inatoka. Huko si kuvuja tena. Watafiti wakatumia ouabaini, sumu iliyomo kwenye msunguti, mti ambao wawindaji wa Kigiriama walitengenezea sumu ya mishale. Ouabaini huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyo upande wa seli unaogusa damu. Na kwa kuwa ioni ya amonia inakaribiana kwa ukubwa na ya potasiamu, pampu hiyo inaweza kuipokea. Utoaji ukapungua. Kolkisini, inayobomoa nyuzi ambazo seli husafirishia mizigo yake, nayo ikaupunguza. Mwaka 2002 Dirk Weihrauch na wenzake wakapendekeza kwamba amonia hunaswa kwenye vifuko vyenye asidi ndani ya seli, vikapita kwenye nyuzi hizo na kumwaga mzigo nje. Hata kama hatua moja itasahihishwa kesho, tamvua lisilohitaji nguvu lisingeathiriwa hivyo.

Atakayeuliza kwa nini kaa agharimie kinachoweza kuvuja bure, na azingatie anakoishi. Maji yakitoka yeye hujificha chini ya mawe na kwenye tope, katika maji machache yasiyotembea. Tena, zaidi ya asilimia 90 ya amonia ya damuni ni ioni, na ioni haipenyi kirahisi utando wa seli.

Mwingine atasema: kama ana pampu, maji machafu yanamdhuru nini? Pampu inakula nishati, na nishati hiyo inatoka kwenye chakula kilekile ambacho mfugaji anataka kiwe nyama. Tena uwezo wake una kikomo. Kaa wa mikokoni tunaowanenepesha kwenye vizimba ni jamii nyingine, kwa hiyo tarakimu za maabara za Ulaya sizihamishi kwao. Ila kaa aliyefungiwa hawezi kuhama maji yakiharibika. Kizimba kiwekwe panapopitiwa vizuri na maji yanayojaa na kupwa, na dagaa wa kuwalisha waliobaki waondolewe kabla hawajaoza, kwa sababu nao huzalisha amonia.