Fedha za Akili Bandia na Haja ya Mandera



Tumeombwa tueleze habari za fedha watoazo matajiri wa ng'ambo kwa vyama visivyotafuta faida, ili vitumie akili bandia, yaani mashine zinazofunzwa kwa hesabu nyingi, kwa manufaa ya watu. Mwaka 2019 Google.org ilitenga dola milioni 25. Maombi 2,602 yalitoka nchi 119. Walioteuliwa ni 20 tu, na mmoja wao ni Chuo Kikuu cha Makerere, kwa kazi ya kupima uchafu wa hewa. Mlango upo, ila ni mwembamba.

Haja yetu sisi si hewa. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilikosekana mfululizo, mifugo ikaangamia. Kisha mwaka 2023 mafuriko yakatujia. Mashine ya kutabiri ukame na gharika ingetufaa mno. Lakini mashine hujua yale tu iliyolishwa, na vituo vya kupimia mvua kwetu ni haba. Tena onyo la Kiingereza lamfaa nini mchungaji wa Banissa? Na lisemwe kwa Kisomali, kwa sauti.

Kwa hiyo twaona maombi yetu yatangulize vipima-mvua, ndipo mashine ifuate. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo. Habari za mfugaji zisichukuliwe bila yeye kuelewa zinakokwenda. Wazee wa Takaba na Rhamu waulizwe kabla karatasi haijatiwa sahihi.